Bei ya Majani Isikae Ndani ya Msimbo

Wewe unayeandika programu ya malipo kwa chama cha msingi cha wakulima wa chai Katumba, au kwa kituo cha maziwa Kiwira, hesabu yenyewe haitakusumbua: kilo mara bei, toa makato. Kazi kubwa ni kuamua kipi kiwe msimbo na kipi kiwe data, na uamue kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: lolote ambalo mkutano wa chama, kiwanda au serikali inaweza kulibadilisha ni data. Bei ya kilo ya majani mabichi, makato ya mbolea, ushuru, madaraja ya parachichi, vyote vikae kwenye jedwali. Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ilishuka mwaka 2009 kutoka asilimia 20 hadi 18. Mwenye 0.20 iliyotawanyika ndani ya programu alikuwa na kazi ya kuisaka kila ilipo, na ukisahau moja tu, ankara hutoka na makosa kimyakimya. Mwenye jedwali alibadilisha tarakimu mahali pamoja.

Jedwali la bei liwe na zao, bei, na tarehe bei inapoanza kutumika. Bei ya zamani usiifute kamwe. Ongeza mstari mpya, kisha msimbo uchague bei kwa kuangalia siku majani yalipopimwa. Ukifuta, mkulima akija kuulizia malipo ya Machi atakokotolewa kwa bei ya leo, na stakabadhi aliyoishika haitalingana na kompyuta. Mkulima ana haki ya kutoiamini programu ya namna hiyo.

Kuna hatari nyingine, ya data kugeuka msimbo. Huku kwetu kuna majina kama Mwang'onda. Ukitunga amri ya SQL kwa kuunganisha vipande vya maandishi, ile ritifaa katikati ya jina itafunga maandishi, na herufi zinazofuata zitasomwa kama amri. Mkulima mwema atakwama kusajiliwa. Mwenye nia mbaya anaweza kutumia mlango huohuo kufuta jedwali zima. Tafadhali usitatue hili kwa kuondoa ritifaa: jina ni la mtu, na linapaswa kuandikwa kama lilivyo. Acha nafasi kwa alama ya kuuliza, kisha lipeleke jina kando:

execute("INSERT INTO wakulima (jina) VALUES (?)", (jina,))

Vivyo hivyo, faili la JSON lisome kwa json.loads, si kwa eval, maana eval hutekeleza chochote ilichopewa.

Pagumu ni pale kanuni zenyewe zinapoanza kutofautiana. Chama kimoja kinasema makato ya mbolea yasizidi theluthi ya malipo ya mwezi, kingine kinakata yote kwa mkupuo. Ukiongeza safu ya "sharti", kisha "sharti la pili", jedwali lako litakuwa lugha ya programu, tena lugha mbovu. Wabunifu wa lugha walikwisha kupita hapo. Lisp, aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958, huandika msimbo kwa orodha zilezile inazotumia kwa data. Lua ilizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, baada ya lugha mbili ndogo za kuelezea data walizotumia wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Petrobras kuonekana hazitoshi. Watumiaji walitaka masharti na marudio. Kwa kanuni za chama ningechagua Lua: kanuni hukaa katika faili moja fupi linalosomeka, na bei hubaki kwenye jedwali. Ila faili hilo ni msimbo, hivyo lihaririwe na anayeaminika tu, wala lisijazwe kupitia fomu ya karani.

Siku ya kukabidhi programu, mwombe karani abadilishe bei mbele yako bila msaada. Akishindwa kufanya hivyo bila kukuita, bei bado imo ndani ya msimbo. Itoe kabla msimu wa mvua haujaleta majani mengi.