Fundi na Mwenye Kazi: Somo kwa Ndugu Waendao Dodoma kwa Kazi za Mikono

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu, jueni ya kwamba safari ya mtu wa pwani kwenda Ugogo si jambo jipya. Wazee wetu walipita huko na misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora, na katika Ugogo iliwabidi kuwalipa watemi hongo ili wapate njia na maji. Msafara ulipiga kambi, watu wakajadiliana juu ya nguo na shanga hata siku kadha wa kadha, wala hawakuondoka ila neno limekwisha. Na mpagazi naye alipatana ujira wake na posho yake kabla hajatia mzigo begani. Hapana aliyeona haya kutaja ujira.

Leo njia ni nyingine. Serikali ilikata shauri mwaka 1973 kuhamisha makao yake makuu Dodoma. Jambo likakawia miaka mingi, likashikwa kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ukafanywa jiji. Ofisi za wizara zimejengwa Mtumba, nyumba za watu zimeenea kila upande, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam ikafika huko. Basi wamepanda maseremala wetu, na waashi, na washoni, na mafundi wa rangi. Wengi wao hawana bwana wa mshahara wa mwezi. Huchukua kazi kwa huyu na kwa yule. Mafakihi humwita mtu wa namna hii ajiri mushtarak, yaani mwajiriwa wa wote, wakamtenga na yule aliyejifunga kwa mtu mmoja. Riziki ya mtu huyu imo katika mapatano yake. Yakiharibika mapatano, huharibika riziki, na heshima hufuatana nayo.

Na neno liharibulo zaidi ni hili. Mwenye nyumba husema, "Anza tu, fundi, mimi nawe hatushindwani." Fundi, kwa haya, au kwa kuchelea kazi isimwendee mwingine, huanza. Siku ya kumaliza ndipo washindanapo.

MAS'ALA YA KWANZA: UJIRA. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika kitabu chake cha Minhaj khabari ya mtu aliyempa mshoni nguo amshonee, akaishona, wala ujira haukutajwa. Hukumu aliyoitanguliza ni kwamba mshoni hana ujira. Kisha akataja kauli nyingine, kwamba anao. Na kauli ya tatu, kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi ile anao, na akasema hii huenda ikapendeza. Tazama basi, ndugu msomaji: mafundi wetu hutegemea kauli ya tatu pasipo kuijua, na hali kauli ya kwanza yawangoja mlangoni. Taja ujira kabla hujashika randa. Haya ya dakika moja ni bora kuliko ugomvi wa mwaka.

MAS'ALA YA PILI: SIFA YA KAZI. Katika kitabu hicho hicho imo khabari ya mshoni aliyeshona joho, akasema, ndilo nililoamrishwa. Mwenye nguo akasema, bali nilitaka kanzu. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba husadikiwa mwenye nguo kwa kiapo chake, wala halipi ujira, na mshoni hulipa upungufu ulioingia katika nguo. Basi fundi asiye na hati wala shahidi amejiweka mikononi mwa kiapo cha mwenziwe. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Baqara, aya ya 282, kuandikiana deni la muda na kuweka mashahidi. Wazee wetu nao wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Si lazima iwe hati ndefu. Andikeni vipimo, aina ya mbao, bei, siku ya kumaliza, na malipo yatakavyogawanywa. Hata mkiwa mmepatana kwa mdomo, mpelekee mwenye kazi kwa simu maneno mliyoafikiana, naye ajibu kwamba ndivyo. Hayo nayo ni maandishi.

MAS'ALA YA TATU: TABIA YA NCHI. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mvua zake ni za msimu mmoja, takriban kutoka Desemba mpaka Aprili. Mbao zilizokaa pwani zina unyevu; zikifika huko hukauka, zikanywea na kupinda. Mlango uliokaa barabara wakati wa mvua huonyesha nyufa kipupwe kikiingia. Saruji nayo, ikipigwa na jua na upepo pasipo kunyweshwa maji siku za kutosha, hupasuka. Mwenye nyumba hajui hayo, atakuita mwongo. Katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa ajiri ni mkono wa amana, hadhamini ila akizembea. Lakini ajuaye kwamba mbao ni mbichi akanyamaza, atasemaje kuwa hakuzembea? Mwambie mapema, mbao zikauke kwanza huko huko, na muda huo uutie katika mapatano.

MAS'ALA YA NNE: MWENYE KAZI MGUMU. Wagumu ni watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni aongezaye kazi. Mlipatana madirisha manne. Leo asema, nitengenezee na kabati hili dogo, ni kazi ya saa moja. Kumbuka khabari ya Nabii Musa na mzee wa Madyan katika Sura ya Qasas. Walipatana miaka minane, na akitimiza kumi, ile miwili ni hisani yake Musa. Haki ilijulikana, na hisani ilijulikana. Nawe ukipenda kumfanyia kabati, mfanyie, lakini mwambie siku ile ile kwamba ni hisani, au taja bei yake. Hisani isiyotajwa leo hugeuka deni kesho.

Wa pili ni acheleweshaye naye anacho. Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kwamba tajiri kuchelewesha haki ya mtu ni dhuluma, na ametutajia kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu amwajiriye mwenziwe, akapata kazi kamili, asimpe ujira wake. Huyu mdai kwa adabu na kwa maandishi. Kazi yake isipite malipo: sehemu ikilipwa, sehemu ifuatayo ianze.

Wa tatu ni mwenye dhiki ya kweli. Aya ya 280 ya Baqara yataka apewe nafasi mpaka apate wasaa, na kusamehe ni kheri zaidi. Mpe muda unaojulikana. Usimfanyie wa pili kama wa tatu, wala wa tatu kama wa pili, kwani hapa ndipo fundi akoseapo mara nyingi.

MAS'ALA YA TANO: AIBU YETU WENYEWE. Tusiseme ya wenye kazi tukaficha yetu. Fundi hupokea fedha ya kwanza ya Mtumba, akaimalizia kazi ya Kikuyu, na iliyobaki akaipeleka nyumbani Tanga. Kisha huzima simu. Huyu naye ni mgumu, bali ni mgumu kuliko wote, maana ameila amana. Ahadi ni deni. Fedha ya mbao ni ya mbao. Na siku ukiona utachelewa, sema kabla hujaulizwa.

MWISHO. Pakitokea ugomvi, anza kuzungumza naye faraghani. Mkishindwa, tafuteni watu wawili wa haki, wako na wake, wapime kazi iliyofanyika na kuihesabu. Wakishindwa hao, ipo Mahakama ya Mwanzo, na kesi yake huendeshwa kwa Kiswahili. Wala usivunje ulichokijenga, wala usimtukane mtu barazani. Ulimi mkali humpotezea fundi kazi kumi ambazo hazijafika.

Maswali ya somo: Kwa nini mshoni asiyetaja ujira ameitia haki yake hatarini? Ni ipi tofauti ya mdaiwa wa pili na wa tatu? Wewe uliye fundi, je, iko fedha ya mtu mkononi mwako leo ambayo kazi yake hujaianza?

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ulimi wa kweli. Amin. Wallahu aalam.