Pikipiki ya Zamani Inapokuwa na Gia Ngumu Baada ya Kukaa Muda Mrefu

Ekero, kama kwingineko karibu na mji wa Mumias, pikipiki hubeba gunia la mahindi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati na watoto wa shule. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sisi 250, na familia nyingi zikaweza kununua. Baadhi ya pikipiki za miaka hiyo bado zipo, zimefunikwa gunia nyuma ya nyumba kwa sababu mwenyewe alienda kutafuta kazi mjini, au alifariki, au alikosa pesa ya kuitengeneza.

Siku inapotolewa nje, lalamiko huwa moja: gia hazitaki kuingia. Wengi huambiwa palepale kwamba injini lazima ifunguliwe. Asiye na pesa hizo huishia kuuza chombo kizima kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Hiyo ni hasara kubwa, maana mara nyingi ubovu hauko ndani ya gia kabisa. Uko kwenye klachi.

Katika pikipiki nyingi ndogo, klachi hufanya kazi ikiwa ndani ya oili ya injini. Kuna pleti kadhaa zilizopangwa, moja ya chuma, moja yenye ngozi, na springi huzibana pamoja. Mwendeshaji anapovuta mkono wa klachi, pleti huachana na nguvu ya injini haifiki kwenye gia. Pikipiki ikikaa miezi mingi, oili hushuka chini na pleti hubaki zimebanana hadi zikagandana, kama chapati zilizopangwa zikiwa bado moto. Hapo mkono unavutwa lakini klachi haiachii.

Kabla ya kununua kifaa chochote, kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi. Injini ikiwa imezimwa, mwenye pikipiki aisukume taratibu mbele na nyuma huku akibadilisha gia moja baada ya nyingine. Kusukuma ni muhimu, kwa kuwa meno ya gia hayakutani vizuri gurudumu likiwa limesimama, na hata pikipiki mpya itaonekana ngumu. Ikiwa gia zote zinaingia injini ikiwa imezimwa, lakini ikiwashwa zinakwaruza, nyutro haipatikani, au pikipiki inajivuta mbele huku klachi imeshikwa, basi klachi haiachii. Ikiwa gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa na gurudumu linazunguka, tatizo liko kwenye pedali ya gia au ndani zaidi.

Kazi ianzie kwenye kebo ya klachi. Mvua za huku huingiza maji ndani ya kebo, nayo ikikaa hushika kutu. Ifunguliwe upande wa mkono, idondoshewe oili nyepesi kidogo kidogo hadi itokeze chini, kisha ivutwe mara kadhaa. Ikiwa nyuzi zake zimeanza kukatika, inunuliwe nyingine. Haifai kuifunga kwa waya. Ikisharudishwa, ncha ya mkono wa klachi iwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ulegevu ukizidi, klachi haitaachia. Kebo ikikazwa kupita kiasi, pleti zitateleza na kuungua, na huo ni ubovu mpya wa kujitakia.

Pedali nayo isisahauliwe. Pikipiki ikianguka ikiwa imehifadhiwa, pedali hupinda na kugusa kava ya injini. Meno yake ya ndani yakiisha, huzunguka bila kusukuma chochote.

Kisha oili. Iliyokaa ndani muda wote huo imwagwe, hata kama haikutembea kilomita nyingi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Mpya iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Baadhi ya oili za magari huwa na dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaihitaji misuguano hiyo ili ishike. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Maji ya mitaro huishia mitoni.

Baada ya hapo pleti ziachanishwe. Injini iwashwe ikiwa kwenye nyutro, nje ya nyumba kwa sababu moshi wake huua, ipate joto kwa dakika chache, kisha izimwe. Mkono wa klachi uvutwe na kufungwa kwa mpira wa tyubu usiku kucha ili oili mpya ipenye. Asubuhi, injini ikiwa bado imezimwa, iwekwe gia ya tatu, klachi ishikwe, na pikipiki isukumwe mbele na nyuma kwa nguvu. Mwanzoni itakuwa nzito kwa sababu inazungusha injini. Ikiachia, huwa nyepesi ghafla. Wapo wanaoiwasha ikiwa ndani ya gia ili ijiachie yenyewe. Pikipiki huruka mbele, na aliyesimama mbele yake ndiye hugongwa.

Ikikataa, ni wakati wa fundi, lakini bado si lazima agawanye injini. Kufungua kava ya klachi kunatosha: pleti zitolewe, zisafishwe, zenye ngozi iliyobanduka zibadilishwe, na zote zilowekwe kwenye oili mpya kabla ya kurudishwa na gasketi mpya. Injini hufunguliwa kwa sababu nyingine: gia moja tu inakataa au inaruka na klachi ni nzima, au pedali ikikanyagwa hairudi na springi yake haifikiki kupitia kava. Kukanyaga pedali kwa kisigino ili ilazimike ndiko hupinda uma wa gia na kuifikisha pikipiki huko.

Majaribio ya kwanza yafanyike uwanjani, bila abiria. Pikipiki isiyopata nyutro hairuhusu mwendeshaji kusimama kwa utulivu lori la miwa linapopita. Breki na magurudumu vikaguliwe siku hiyohiyo, na bima pia: baada ya kukaa kwa muda mrefu, karibu hakika imeisha, na Sheria ya Trafiki na ile ya bima, Sura za 403 na 405, hazitofautishi safari ya kujaribu na safari ya kazi.