Ndago Isiyo na Kiazi: Iwahi Kabla Haijavaa Vichwa

Masika haiko mbali. Katika majaruba ya Mkindo, Kigugu na Mbogo wapo waliokwisha kumwaga mbegu kitaluni, wengine wanasubiri zamu ya pawatila, na mito inayoteremka kutoka milima ya Nguru bado imetulia. Huu ndio wakati wa kuzungumza habari ya magugu. Mwezi Aprili, mkulima anapokuja amejishika kiuno akilalamika kwamba ndago imemshinda, mazungumzo yanakuwa ya kupeana pole tu.

Kwa anayelalamika hivyo nina ombi moja kabla ya ushauri wowote. Chimbua shina moja taratibu pamoja na mizizi yake, lisuuze mferejini, kisha litazame vizuri. Ukikuta nyuzi ngumu zinazotambaa na viazi vidogo vyeusi vyenye harufu, hiyo ni Cyperus rotundus, ndago ya kudumu, msumbufu wa mashamba ya mahindi na bustani za mboga huko juu. Ukikuta kishungi cha mizizi laini yenye wekundu, bila kiazi hata kimoja, umeshika mmea mwingine kabisa: Cyperus difformis, gugu la msimu mmoja lipendalo tope. Ni ndugu wa ukoo mmoja na wote tunawaita ndago, lakini maisha yao hayafanani. Wa kwanza huishi kwa viazi, wala hapendi maji yaliyotuama. Wa pili huishi kwa mbegu tu, na jaruba ndiyo nyumba yake. Naona wakulima wengi wakipigana na huyu wa pili kwa mbinu za yule wa kwanza: wanachimba kwa kina, wanageuza udongo, wanahangaika kutafuta viazi ambavyo havipo. Nguvu inapotea, na udongo uliogeuzwa unaleta juu mbegu za miaka iliyopita.

Sura ya gugu hili tuijue vizuri. Mara nyingi huishia kati ya kifundo cha mguu na goti, ingawa penye rutuba hufika sentimita 70 na kuanza kugombea jua na mpunga. Mashina huota kwa kishungi kutoka mahali pamoja. Ni laini, ya kijani, na ukiliviringisha moja kati ya vidole utahisi kingo tatu. Likate kwa kucha uone pembetatu. Majani ni machache, membamba na malegevu, nayo hutokea karibu na chini, yakiwa na maganda ya rangi ya kahawia. Njiani kwenye shina hakuna kifundo. Mpunga wenyewe una shina la mviringo lenye vifundo, na pale jani linapoachana na shina kuna utando mweupe na vimasikio vyenye vinyweleo. Kitaluni uutegemee utando huo, kwa sababu vijani vichanga vya ndago hii humpotosha hata mtu aliyezaliwa jarubani.

Juu ya shina hukaa majani mawili au matatu marefu, moja likisimama wima mara nyingi kana kwamba shina linaendelea. Katikati yake hutokea vichwa vya mviringo, vingine vimekaa palepale, vingine juu ya vikonyo vyenye urefu usiolingana. Kila kichwa kina upana wa milimita 5 hadi 15, nacho ni msongamano wa visuke vidogo vingi. Rangi huanza kijani-njano na kuishia hudhurungi iliyokolea, karibu zambarau. Maua hayana petali, na kila moja huacha punje ya pembe tatu isiyofika urefu wa milimita moja. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliliandika gugu hili mwaka 1756, na leo linajulikana katika mashamba ya mpunga ya Asia, Afrika, Australia, kusini mwa Ulaya na Marekani. Binamu yake, Cyperus iria, naye ni wa msimu mmoja na hana kiazi, ila masuke yake yametawanyika na yana unjano. Haya ninayoshauri leo yanamfaa naye.

Mbegu ndizo zenye balaa. Ndani ya muda wa mwezi mmoja hivi tangu kuota, ndago hii huweza kutoa maua na kuanza kukomaza mbegu, na mmea mmoja ulionawiri huweza kutoa mbegu kufikia 50,000. Mkulima anayefanya palizi ya kwanza wiki ya sita anaingia jarubani kuisaidia kupukutika. Anaridhika kwamba shamba limependeza, kumbe ameshapanda magugu ya mwakani.

Mbegu ndogo kiasi hicho, hata hivyo, haina akiba ya kuitosha safari ndefu. Inataka mwanga ili iote. Ikifukiwa hata sentimita moja tu, kwa kawaida haichomozi. Hupenda udongo ulioloa maji yasiyotuama, na maji ya kina cha sentimita chache yakikaa bila kukatika, miche yake hupungua sana. Kwa hiyo gugu hili linadhibitiwa zaidi na usawa wa jaruba na uangalizi wa maji kuliko jembe.

Hapa nije kwenye kilimo shadidi, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikifanyia majaribio Mkindo pamoja na wakulima, na wengi wenu mmekipokea. Mche mchanga mmojammoja, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, maji ya kuachia na kukausha: mbegu inayotumika ni kidogo, maji yanaokolewa na mpunga unachipua vizuri. Mimi nakiunga mkono. Lakini nafasi pana na udongo ulioloa bila kufunikwa na maji ndiyo mazingira ambayo ndago hii ingeyachagua kama ingeulizwa. Anayechukua kilimo shadidi akaacha palizi yake amechukua nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayomtoa shambani. Palizi ya kwanza ni siku ya 10 hadi ya 12 baada ya kupandikiza, kwa kipalizi cha kusukuma kwa mkono, kisha kila baada ya siku 10 hivi mpaka majani ya mpunga yafunike nafasi. Kipalizi kinataka mistari iliyonyooka pande zote mbili. Kamba ya kupandia ikipinda leo, kipalizi kitakwama baadaye na utarudi kuinama.

Kama kipalizi huna na vibarua huwamudu, usikimbilie kukausha. Miche ikishashika, weka maji ya sentimita 3 hadi 5 na uyashikilie. Jaruba lenye magugu mengi linaruhusiwa kuchelewesha ule utaratibu wa kuachia na kukausha kwa wiki mbili au tatu. Mpunga utakapokaribia kutoa maua, rudisha maji yasikatike, maana hapo kiu huleta mapepe.

Yote hayo yanaanzia kwenye kusawazisha. Jaruba lenye kilima upande mmoja litakuwa na maji mahali na tope tupu mahali, na kwenye tope tupu ndago itasimama kwa mstari. Baada ya pawatila, ingiza maji kidogo utazame vilima vinavyobaki nje, uvivute kwa ubao. Kwenye mfinyanzi mweusi kazi hii ni nzito, najua.

Mwenye nafasi ya wiki mbili kabla ya kupandikiza anaweza kuitega. Lainisha udongo, uloweshe, uache magugu yaote kwa furaha yake, kisha uyavuruge kwa juujuu ndani ya maji. Nasema juujuu. Ukirudia kulima kwa kina, unafungua ghala jipya la mbegu na mtego wote unakuwa kazi bure. Wanaolalamika kwamba njia hii haifai, wengi wao walilima mara ya pili.

Kitalu kisimamiwe kwa jicho kali, maana ndago husafiri na tope la mizizi ya miche. Usipandikize fungu bila kulichambua. Safisha kingo na mfereji unaoingiza maji kwako kabla ya kufungua, kwani mbegu huelea na hushikana na kwato za ng'ombe na matairi ya pawatila inayotoka jaruba la jirani. Mbolea ya kukuzia nayo isubiri palizi. Kumwaga urea juu ya ndago ni kulisha mwizi, na kwa bei ya mfuko ilivyo sioni wa kumudu ukarimu huo.

Dawa ya magugu sikatazi. Ile ya 2,4-D, inayopatikana madukani, hupiga magugu ya majani mapana na ndago changa za msimu mmoja, lakini haigusi magugu ya jamii ya nyasi. Hutumika mpunga ukiwa umeanza kutoa machipukizi na kabla haujaanza kutunga suke. Nje ya muda huo mpunga wenyewe huumia. Punguza maji ili majani ya gugu yawe wazi, piga, kisha rudisha maji baada ya siku mbili au tatu. Upepo ukivuma acha, hasa kama jirani ana nyanya au maharage. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, usome lebo, na usitumie dawa ya kundi moja msimu hadi msimu. California na Australia walifanya hivyo kwa dawa ya bensulfuron, na katika miaka ya 1990 ndago hiihii ikawa usugu mtupu, haifi tena.

Ukikuta mmea umeshavaa vichwa vya kahawia, usiukanyagie topeni. Ng'oa, tia kwenye mfuko, ukauchome mbali na mfereji. Na atakayepandikiza wiki ya mwisho ya Februari, palizi yake ya kwanza isivuke tarehe 10 Machi.