Hedifoni ya Kwanza kwa Bajeti Ndogo

Swali: Mwenye fedha kidogo anayetaka sauti nzuri aanze na hedifoni ipi?

Jibu: Hedifoni ama zimefungwa upande wa nje, ama ziko wazi. Zilizofungwa huzuia kelele na hufaa ndani ya daladala au ofisini. Zilizo wazi hutoa muziki mpana zaidi, kana kwamba wanamuziki wametawanyika chumbani, ila sauti huvuja na jirani hulazimika kuusikiliza wimbo asioutaka.

Kwa bei ileile, hedifoni ya waya kwa kawaida huishinda ya bluetooth, kwa sababu fedha haigawanywi kati ya betri, chipu na spika. Simu nyingi mpya hazina tundu la pini, kwa hiyo bei ya adapta iingizwe kwenye hesabu mapema.

Kipimo cha maana kwenye kasha ni ukinzani, unaopimwa kwa omu, kwa sababu hudokeza kama simu itaweza kuiendesha hedifoni. Koss Porta Pro ya mwaka 1984, iliyo wazi, ina omu 60. Sony MDR-7506 ya 1991, iliyofungwa na inayotumika sana studioni, ina omu 63. Zote mbili huendeshwa na simu bila shida. Sennheiser HD 600 yenye omu 300 hudai amplifaya, yaani gharama ya pili. Majigambo ya kufika hezi 40,000 yapuuzwe: sikio la binadamu huishia karibu 20,000.

MDR-7506 hughushiwa sana, hivyo bei ya chini mno ni dalili ya bidhaa bandia. Sponji zake huchakaa, lakini hubadilishwa kwa gharama ndogo.