Neno "Rickety": Kiti Kinachoyumba na Miguu ya Mtoto



Katika somo la robo hii tunaangalia neno la Kiingereza linalopatikana mara nyingi katika barua na taarifa za miradi: "rickety". Husemwa juu ya kiti, ngazi, daraja au jengo lililolegea na kuyumba, kiasi kwamba mtu anaogopa kulitegemea. Husemwa pia juu ya mpango usiosimama imara.

Neno hili halikuanza na viti. Lilianza na watoto. Limetokana na "rickets", jina la ugonjwa wa mifupa laini unaoleta matege. Huko London jina hilo lilionekana katika orodha ya vifo ya mwaka 1634. Mwaka 1650 daktari Francis Glisson alitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Kuhusu asili ya jina lenyewe wataalamu hawajakubaliana. Wengine hulihusisha na neno la kale lenye maana ya kupinda. Mtoto aliyeugua aliitwa "rickety". Baadaye meza yenye miguu mibovu ikapewa jina lilelile.

Katika karne ya 19 ugonjwa huu ulienea sana katika miji ya viwanda ya Uingereza, ambako moshi na vichochoro vilizuia jua. Mwaka 1890 Theobald Palm, aliyekuwa daktari mmisionari huko Japani, aliandika kwamba chanzo ni ukosefu wa jua. Alikuwa ameona kwamba Japani ugonjwa huo ni nadra, akakusanya taarifa kutoka kwa wamisionari wenzake wa nchi mbalimbali. Mwaka 1919, huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliponya watoto kwa mwanga wa taa maalum. Leo tunajua kwamba ngozi ikipata jua mwili hutengeneza vitamini D, inayosaidia kujenga mifupa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kinachoyumba kina sababu. Matege yanaweza kuletwa na upungufu wa vitamini D au wa kalsiamu katika chakula. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, maji yenye floraidi nyingi nayo huharibu mifupa. Hivyo tiba ya mtoto mmoja si lazima iwe tiba ya jirani yake. Watoto wachanga wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo, ambayo hunyooka yenyewe. Lakini kama miguu bado imepinda baada ya miaka miwili au inazidi kupinda, mtoto apelekwe kituo cha afya mapema. Asifichwe ndani.

Pili, taarifa ndogo ina kazi kubwa. Palm asingefika mbali bila barua za watu walioandika kwa uaminifu walichokiona mahali pao. Taarifa ya robo mwaka ya usharika ni barua ya namna hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Je, katika mtaa wetu wako watoto wenye matege? Wamepimwa?
2. Maji wanayokunywa yanatoka wapi, na yamewahi kupimwa?
3. Katika mradi wetu, ni kitu gani kinayumba? Tumetafuta chanzo, au tumeweka kigingi tu?