Kilomita za Mwezi: Somo la Mbio na Daftari



Sisi ni watu 6 wa Ijuganyondo, hapa Bukoba. Tunakimbia. Yupo Baba, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 47. Yupo Mama, mkewe. Yupo binti yao wa darasa la sita, na shemeji anayekaa nao. Wengine wawili ni majirani: mmoja ni fundi baiskeli, mwingine ni mama anayeuza dagaa sokoni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupata kikombe. Kila mwezi tunajiwekea lengo. Tunaliandika daftarini, na mwisho wa mwezi tunahesabu. Leo tutawaeleza tulivyoanza, tulivyokosea, na hesabu mbili zilizotuaibisha. Chukua kalamu na karatasi, kwa maana mwisho wa somo kuna kazi.

1. Kwa nini tulianza

Mwezi wa Desemba Baba alipimwa presha kwenye zahanati. Ilikuwa 150 juu ya 95. Akaambiwa arudi siku nyingine. Akarudi, ikawa vile vile. Kwa mtu mzima, presha ikipimwa zaidi ya mara moja na kufika 140 juu ya 90 au kupita hapo, huhesabiwa kuwa ya juu.

Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mtu hutembea nayo miaka mingi, anacheka na kula, mpaka siku moja anaanguka kwa kiharusi. Kaka yake Baba alianguka hivyo akiwa shambani. Mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo. Kwa hiyo Baba aliposikia zile namba aliogopa, na sisi tukaogopa.

Mganga alimpa mashauri matatu: apunguze chumvi, aache kukaa tu, na arudi kupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, kama kutembea haraka. Kama ni mazoezi mazito, kama kukimbia, basi angalau dakika 75.

Labda utauliza: mtu wa kijijini ana haja gani na mazoezi, jembe si linatosha? Ni kweli kwa anayelima. Lakini Baba anakaa kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni. Shamba la migomba liko mikononi mwa Mama. Shika neno hilo, tutarudi kwake.

2. Tulivyopima njia

Huwezi kuandika kilomita kama hujapima njia. Sisi tulitumia baiskeli ya jirani. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu. Tukalizungusha mara moja juu ya ardhi, tukapima kwa futi ya fundi cherehani. Tukapata mita 2 na sentimita 20. Kwa hiyo mizunguko 100 ni mita 220.

Fundi baiskeli aliikokota baiskeli, na binti akahesabu mizunguko. Kila ikifika 100, alitia punje moja ya harage mfukoni. Kutoka nyumbani mpaka mahali pa kugeukia zilipatikana punje 7. Hizo ni mita 1,540. Kwenda na kurudi ni mita 3,080. Tukaiita njia ya kilomita 3.

Baba aliimaliza kwa dakika 25, akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Mara 3 kwa wiki ni dakika 75. Basi lengo la Januari likaandikwa: siku 12, kilomita 36.

3. Kosa la mwezi wa Machi

Januari Baba alitimiza lengo lake. Februari akaongeza akafika kilomita 49, na hapo akaanza kujisikia. Machi vijana wa mtaani walikuwa wanajiandaa kwa mashindano. Wakamwona anapita, wakamtania: "Mzee, shikamoo! Twende basi kama unaweza!"

Akaenda nao. Siku ya kwanza kilomita 5, ya pili 5, ya tatu 5. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na njia inateleza. Wao wana miaka 20, yeye ana 47. Jioni alikuwa anarudi anachechemea, tukimuuliza anasema ni uchovu tu. Mwisho wa mwezi daftari lilisomeka kilomita 100. Tulimpigia makofi. Nasi tulikosea kumpigia makofi.

Aprili mosi hakuweza kukanyaga chini. Muundi wa mguu wa kulia ulikuwa unauma kama una msumari. Na cherehani ya Baba ni ya kukanyaga. Mguu usipokanyaga, sindano haishoni. Nguo za watu zikalala mezani wiki 3. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao wakapeleka kwa fundi mwingine. Sukari ilikwisha nyumbani, na Mama akauza mkungu wa ndizi tuliokuwa tumeutunza kwa ajili ya wageni.

Usiku mmoja Mama alisema, "Ulisema unakimbia usije ukaanguka kama kaka yako. Sasa umeanguka kwa kukimbia." Baba hakuwa na jibu.

4. Hesabu ya kwanza

Mwisho wa Juni tulikaa barazani tukafungua daftari. Hizi ndizo kilomita za Baba:

Januari: 36
Februari: 49
Machi: 100
Aprili: 0
Mei: 20
Juni: 36

Jumla ni kilomita 241. Tazama pia kwamba Juni alikuwa amerudi pale pale alipoanzia Januari.

Binti akachora mstari, akaandika hesabu nyingine pembeni. Akasema, "Baba, kama ungeongeza kilomita 4 tu kila mwezi, ingekuwaje?" Akaandika: 36, 40, 44, 48, 52, 56. Akajumlisha. Akapata 276.

Tukahesabu tena, tukidhani amekosea. Hakukosea. Anayeongeza kidogo kidogo angempita anayeruka kwa kilomita 35. Na cherehani isingelala hata siku moja.

Sababu yake ni hii. Moyo na mapafu huzoea mbio mapema. Mifupa na mishipa ya miguu huchelewa kuzoea. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na pumzi ya kwenda mbali, kumbe miguu bado haiko tayari. Mguu ukianza kuuma mahali pamoja, na maumivu yakaongezeka kila siku, huo si uchovu. Pumzika mpaka yaishe.

5. Hesabu ya pili

Tulipokuwa bado tunazungumza, Mama alitua dumu la maji mlangoni. Akasikiliza. Halafu akauliza, "Ko waitu, na mimi nani ananiandikia?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Pimeni njia ya chemchemi."

Kesho yake tukapima kwa baiskeli ile ile. Kutoka nyumbani mpaka chemchemi bondeni ni mizunguko 250, yaani mita 550. Kwenda na kurudi ni mita 1,100. Mama huenda mara 4 kwa siku. Hizo ni mita 4,400, au kilomita 4 na nusu kasoro kidogo. Kwa siku 30 ni kilomita 132.

Soma tena namba hiyo, ndugu msomaji. Baba alipofikisha 100 tulimpigia makofi. Mama alikuwa anakwenda 132 kila mwezi, na kila akipanda kilima amebeba dumu la lita 20, ambalo lina uzito wa kilo 20. Shamba, kuni na jiko hatujahesabu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Baba alilitazama daftari muda mrefu. Binti akauliza, "Mama, tukuandike na wewe kwenye mbio?" Mama akajibu, "Mimi sina shida ya kilomita. Nina shida ya kupumzika."

6. Tunavyofanya sasa

Toka Julai tulibadili mambo. Kila alfajiri Baba na shemeji wanashuka chemchemini, wanaleta madumu 3 kabla ya kazi. Mama amebaki na safari moja ya jioni. Wapo waliocheka kumwona mwanamume na dumu. Baba huwaambia, "Mganga ameniandikia." Kilomita za maji tunaziandika kwenye ukurasa wake, tusizichanganye na za mbio.

Jumamosi asubuhi tunatoka wote. Wenye pumzi wanakimbia. Mama na jirani muuza dagaa wanatembea haraka huku wakizungumza, kwa sababu wamesema wanapenda hivyo. Na daftari sasa anashika Mama. Anayetaka kuongeza zaidi ya kilomita 4 kwa mwezi anamwomba yeye ruhusa.

Kila mwezi una lengo linalolingana na majira. Masika tunapunguza njia za kuteleza. Wakati wa kuvuna kahawa tunakimbia siku chache. Mwezi wa Novemba, senene wakitua, hatuweki lengo lolote, maana hapo kila mtu hukimbia bila kuhimizwa.

Kikundi kina faida. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Aliyechoka alivutwa na wenzake. Na sisi ni hivyo hivyo.

Tunajifunza pia kwa wakimbiaji wetu wakubwa. Alphonce Simbu wa Tanzania alipata nafasi ya tatu katika marathoni ya mashindano ya dunia, London, mwaka 2017. Mwaka 2025, huko Tokyo, akawa wa kwanza. Alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilomita za Baba za Januari nzima hazifiki hapo! Lakini angalia miaka: kutoka nafasi ya tatu mpaka ya kwanza ni miaka 8. Hata bingwa alingoja.

Julai Baba alipimwa tena: 136 juu ya 86. Hatusemi ni mbio peke yake, kwani chumvi nayo aliipunguza. Kila mtu na mwili wake. Kama umepewa dawa za presha, usiziache kwa sababu unakimbia. Muulize mganga kwanza.

7. Mambo ya kushika

- Pimwa presha kabla ya kuanza, hasa ukiwa na miaka 40 au zaidi.
- Anza kwa kutembea dakika 5, ndipo ukimbie. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo.
- Kimbia kwenye majani au udongo ukiweza. Barabarani kaa upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja.
- Ukisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, simama mara moja uende zahanati.
- Andika siku hiyo hiyo. Andika na sifuri. Daftari lenye sifuri ni la kweli.

Maneno ya somo

Muundi: sehemu ya mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo.
Kiharusi: ugonjwa unaokuja ghafla damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa wa ubongo ukipasuka.
Marathoni: mbio ndefu za kilomita 42 na mita 195.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunasema tulikosea kumpigia Baba makofi mwezi wa Machi?
2. Nyumbani kwako nani anatembea zaidi kwa siku? Umejuaje?
3. Mama alisema ana shida ya kupumzika. Katika kijiji chenu, nini kingeweza kufanywa?

Hesabu

1. Gurudumu linakwenda mita 2 na sentimita 20 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 300 ni mita ngapi?
2. Mtoto anakaa mita 900 kutoka shuleni. Anakwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Anatembea kilomita ngapi? Je, anampita Baba wa Januari?
3. Baba aliandika 40 mwezi wa Julai. Akiongeza 4 kila mwezi, na Novemba akipumzika, Oktoba ataandika ngapi?

Majibu: (1) Mita 660. (2) Kilomita 39 na mita 600, ndiyo, anampita. (3) Kilomita 52.

Kazi ya mwezi huu: chukua daftari, upime njia moja tu ya nyumbani kwako. Anza na ile ya maji.