Wageni wakija kufundisha michezo, filimbi inabaki na nani?



Katika toleo hili tumeona ni vema somo letu liwe juu ya jambo ambalo kamati kadhaa za parokia zimetuuliza kwa barua na kwa simu. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya wanaomba kuja kufundisha watoto wetu michezo kwa wiki kadhaa. Je, tuwapokee? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa masharti, na masharti hayo tuliyajua kwa kukosea. Tutaanza na kosa lenyewe, kwa kuwa wafadhili wetu nao husoma ukurasa huu, na taarifa tuliyowapelekea wakati ule ilikuwa nusu ya ukweli.

Ilikuwa katika parokia moja ya Kanda ya Ziwa. Pale palikuwa na kijana, fundi baiskeli, ambaye kwa miaka mingi alifunga kibanda chake saa kumi jioni na kwenda kwenye uwanja wa kanisa kuwachezesha watoto. Hakuwa na mshahara wala cheti. Alianza nao kwa chandimu, mpira wa makaratasi na kamba, mpaka alipopata mpira wa ngozi wa kushonwashonwa. Walifika watoto kama arobaini kila siku. Kamati ilimfahamu, lakini haikuwahi kumwita kwenye kikao hata kimoja.

Mwezi Juni walikuja wanafunzi watano kutoka Uingereza, wanaosomea elimu ya michezo. Walikuja na mipira mipya, koni za rangi, fulana za mazoezi na moyo mwema. Hatuwalaumu kwa lolote. Kamati ilifanya mkutano wa mapokezi, ikachinja mbuzi, ikawakabidhi uwanja. Fundi tukamwomba atafsiri, kwa kuwa alikuwa anajua Kiingereza kidogo. Watoto wakaongezeka hadi wakapita mia moja. Tulipiga picha nyingi, na mojawapo ilipamba taarifa yetu.

Yaliyofuata hatukuyaandika. Wageni waliondoka baada ya wiki sita. Mipira ikafungiwa ofisini ili isiibwe, na ufunguo alikuwa nao katibu, ambaye saa kumi jioni huwa shambani. Watoto walikuja siku tatu, wakauliza wazungu wanarudi lini, wakatawanyika. Fundi naye hakuonekana tena uwanjani. Kwa zaidi ya miezi miwili uwanja ule, ambao kabla ya mradi wetu ulikuwa na watoto arobaini kila siku, ulilisha mbuzi.

Tulikwenda nyumbani kwake, watatu pamoja na mzee mmoja wa kamati. Alitupokea kwa adabu zote, akatoa shikamoo, akaleta viti. Tulipomuuliza kulikoni, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Wazee wangu, mlinifanya mkalimani kwenye uwanja wangu mwenyewe. Watoto waliona. Sasa nikipuliza filimbi, wananiangalia kama mtu aliyeshika filimbi ya mwenzake." Mzee wetu akamwambia, "Mwanangu, tumekukosea." Hatukuwa na la kuongeza.

Mwanafunzi anakuja kutafuta nini?

Ni vizuri kamati ielewe jambo hili bila kuona haya kulisema. Mwanafunzi wa ukocha anahitaji mazoezi kwa vitendo ili ahitimu na apate kazi. Anakuja kujifunza. Si dhambi. Sisi wenyewe tunao wanachuo wa ualimu ambao kila mwaka huenda mashuleni kwa BTP, na hakuna anayewaita walaji wa watoto wa watu.

Lakini hebu tutazame BTP inavyokwenda. Mwanachuo akifika shuleni, mwalimu mwenye darasa habanduki. Humwonyesha andalio la somo, hukaa nyuma akimsikiliza, humsahihisha, na mwanachuo akiondoka somo linaendelea ukurasa uleule. Hakuna mwalimu mkuu atakayemkabidhi mwanachuo darasa la saba na kumgeuza mwalimu wake mkalimani. Sisi kwenye uwanja wa michezo tulifanya hivyo hasa. Kwa nini? Tunadhani ni kwa sababu mbili. Mchezo tuliuona si kazi ya ujuzi, ni watoto kukimbia tu. Na mgeni kutoka Ulaya tulimwona ni mtaalamu hata kabla hatujauliza yuko mwaka wa ngapi. Wawili kati ya wale watano walikuwa wamemaliza mwaka wa kwanza.

Wenzetu walifanyaje?

Hatukuwa wa kwanza kukutana na jambo hili. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake hufagia mitaa na kuzoa taka, na kazi hiyo huziongezea alama kwenye ligi. Makocha, waamuzi na viongozi wa kanda ni vijana waliokulia palepale. Wageni wamekuja wengi kwa miaka hiyo yote, hasa kutoka Norwe, lakini walikuta nyumba ina wenyewe. Mgeni akiondoka, ratiba ya ligi haibadiliki.

Zambia nako, shirika la EduSport lilianza Lusaka mwaka 1999 kwa njia inayofanana: vijana wa mtaa wanafunzwa, kisha wao ndio wanaowafundisha wadogo zao michezo na afya, hasa habari za UKIMWI. Kuanzia mwaka 2006, wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza walipelekwa Zambia kupitia mpango ulioitwa IDEALS, uliokuwa chini ya UK Sport, kufanya kazi na mashirika ya aina hiyo. Kilichotuvutia ni kwamba mwanafunzi aliingia katika kazi ambayo tayari ilikuwa na kiongozi wake kijana. Ndivyo BTP ilivyo.

Wanorwe waliongeza jambo jingine. Shirika lao la serikali la kubadilishana vijana liliundwa upya mwaka 2000 (tangu 2018 linaitwa Norec), na utaratibu wake ukawa kwamba vijana wanakwenda pande zote mbili. Kijana wa Norwe anakuja Afrika, na kijana wa Afrika anakwenda Norwe kufanya kazi. Tukiri kwamba kwa parokia yenye uwezo mdogo hili ni gumu, visa peke yake ni safari ndefu. Hata hivyo tunawaomba wafadhili walifikirie. Fundi wetu angekuwa na mengi ya kuwaonyesha wanachuo wa Ulaya kuhusu kufundisha watoto sitini kwa mipira minne.

Mara ya pili

Ilituchukua mwaka mzima kumrudisha fundi uwanjani. Kwanza mipira ilihamishwa kutoka ofisini hadi kibandani kwake, na ikatumika mpaka ikaisha, kama ilivyopaswa. Kisha akaingia kwenye kamati. Wanafunzi wengine walipoomba kuja, yeye ndiye aliyeandika mahitaji, na hakuandika mipira. Aliandika kwamba anataka kujua namna ya kuwafundisha watoto wadogo bila kuwapanga foleni, namna ya kumhudumia mtoto aliyegongwa kichwani, na namna ya kuwapata wasichana.

Walikuja wanne tu. Kila mmoja aliunganishwa na kocha mmoja wa hapa. Fundi alikuwa amewatafuta wenzake watatu, mmoja wao mwalimu wa shule ya msingi. Wiki mbili za kwanza wageni walitazama na kusaidia. Wiki mbili zilizofuata walifundisha pamoja. Wiki mbili za mwisho wenyeji walifundisha, na wageni walikaa pembeni na daftari. Filimbi ilikuwa shingoni mwa mwenyeji siku zote. Mgeni mmoja alilalamika kwamba hafundishi vya kutosha, na kocha wake alimjibu kwamba hata yeye hajawahi kufundisha vya kutosha.

Tulifaidika, na hatusemi hivi kwa adabu ya wageni. Zamani watoto ishirini walisimama mstari mmoja wakingoja zamu ya kupiga golini, na mtoto aliugusa mpira mara tatu kwa jioni nzima. Wageni walionyesha kuugawa uwanja vipande, wanne kwa wanne, magoli madogo ya mawe, bila golikipa. Mtoto mmoja akaanza kuugusa mpira mara nyingi kwa dakika chache. Kuhusu kichwa, walitufundisha kwamba mtoto aliyegongwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau alipo, harudi mchezoni siku hiyo hata akilia kuomba, na anapelekwa kituo cha afya. Sisi tulikuwa tunammwagia maji na kumrudisha.

Kuhusu wasichana, elimu ilitoka upande wa pili. Wageni walipendekeza matangazo na fulana. Mama mmoja wa kamati aliwaambia tu kwamba saa kumi wasichana wako kisimani, na baada ya hapo wako jikoni. Mazoezi yao yakahamia Jumamosi asubuhi, na kabla ya netiboli wakacheza rede kama kupasha misuli moto. Mwanafunzi mmoja, binti, aliduwaa kuona msichana aliye katikati anakwepa mpira kutoka pande mbili huku akijaza mchanga kwenye chupa. Aliichora rede yote kwenye daftari lake. Alisema chuoni kwao hulipia vifaa vya kufundisha wepesi wa namna hiyo.

Ulinzi wa watoto

Hapa hatutanii. Mtu anayetaka kuwafikia watoto kwa nia mbaya hupenda mahali ambapo wageni hawaulizwi maswali, na ukarimu wetu unaweza kuwa mlango wake. Tangu mwaka 2014 kuna miongozo minane ya kimataifa ya kuwalinda watoto katika michezo, na parokia inaweza kuomba chuo kinacholeta wanafunzi kieleze kinaifuataje. Kwa mtu anayetoka Uingereza upo ukaguzi wa kipolisi kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi, na cheti chake kinaitwa ICPC. Kamati ikiombe kabla ya tiketi kukatwa. Chuo makini hakitachukia.

Sheria hiyohiyo iwe kwa makocha wetu. Hakuna mtu mzima, mgeni au mwenyeji, kubaki peke yake na mtoto chumbani au kwenye gari. Watoto na wazazi waambiwe mapema wakiona jambo lisilofaa waseme kwa nani: mtu mmoja wa kamati anayejulikana kwa jina, ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu 116 ambayo ni bure Tanzania na Kenya. Kwa upande wa vibali, mgeni anayekuja Tanzania kujitolea asije kwa visa ya utalii. Ulizeni Uhamiaji mapema. Sisi tuliwahi kuchelewa na ikatugharimu.

Neno kuhusu vituo vya kulelea yatima. Wanafunzi wengi huomba kupelekwa huko kuliko kwenye uwanja wa mtaa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, lilitahadharisha kuhusu madhara ya safari za kujitolea katika vituo hivyo. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anamzoea mgeni, kisha mgeni anaondoka, kisha anakuja mwingine. Sisi tumeacha kuwapeleka. Watoto wa kituo wanaotaka kucheza huja uwanjani pamoja na wenzao wa mtaa na kurudi na mlezi wao.

Kwa wafadhili wetu

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila mnapochangia nauli ya mwanafunzi kuja, pawe na fungu la kocha mwenyeji katika bajeti hiyohiyo: ada na nauli ya kozi za awali za TFF au CHANETA, sanduku la huduma ya kwanza, na posho kidogo kwa saa anazofunga kibanda chake. La pili, msituombe picha za watoto wakiwa wamemzunguka mgeni. Picha hizo hupatikana kwa urahisi mno, ndiyo maana zilitudanganya hata sisi. Tuulizeni uwanja ulikuwaje mwezi wa tatu baada ya wageni kuondoka. Kuanzia sasa taarifa zetu zitakuwa na ukurasa huo, hata kama habari zake si nzuri.

Maswali ya kujadili katika kamati

Ni nani katika parokia yetu tayari anacheza na watoto bila kulipwa, na je, yupo kwenye kikao hiki? Kama hayupo, ahirisheni maswali yanayofuata mpaka aje.

Yeye anahitaji kujifunza nini, na mwanafunzi anayeomba kuja analijua jambo hilo?

Wasichana wetu wako wapi saa ya mazoezi?

Ufunguo wa chumba cha mipira anao nani?